Joto la Mwanzo, Nyuzi Ishirini na Tano

1

Swali la saba nililifanya mara nne, na mara zote nne likatoka sawasawa. Hilo ndilo lililoniudhi. Mimi si mtu wa kupata swali mara nne. Mimi ni dobi. Nafua magwanda ya wakwanguaji katika Mji wa Mvuke, chini ya Mlima Rungwe, na mtihani wa fizikia nilikuwa nimeshaufeli mara mbili. Sheria inatoa nafasi tatu. Ya nne haipo, hata ukilia machozi ya damu.

Ilikuwa saa nane mchana. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mashine zinazunguka, daftari liko magotini. Swali hili, ambalo hurudi kila mwaka kwenye mtihani, lilisema hivi: Kizimba chenye watu kumi na wawili, uzito wote kilo 1,500, kinateremshwa kwa breki hadi chini ya shimo lenye kina cha mita 400. Nishati yote inaishia kwenye breki ya chuma yenye kilo 100. Breki ina nyuzi 25 mwanzoni. Itafika nyuzi ngapi? Ikiwa breki huachia inapozidi nyuzi 350, je, safari ni salama? Chukulia uvutano ni 10. Puuza mengineyo.

Rahisi kama kumsukuma mlevi. Kilo elfu moja na mia tano, mara kumi, mara mita mia nne: jouli milioni sita. Kilo moja ya chuma inadai jouli mia nne na hamsini ili ipande nyuzi moja, kwa hiyo kilo mia zinadai elfu arobaini na tano. Gawanya, unapata nyuzi 133. Jumlisha 25 za mwanzo. Jibu ni 158, salama, piga mistari miwili chini yake, funga daftari ukapike.

Sikufunga, kwa sababu mume wangu aliingia na hindi la kuchoma.

"Mama Bupe, shika upesi, linaunguza." Ambakisye ni mkwanguaji. Wanashuka shimoni kukwangua ukoko unaoganda ndani ya mabomba ya mvuke, na wakiacha siku tatu tu mji mzima unakosa umeme. Alikuwa na vumbi jeupe hadi kwenye kope.

"Umelichomea wapi? Kuni zimepigwa marufuku."

"Kuni za nini? Juu ya bati la breki, pale mdomoni mwa shimo. Siku hizi sote tunachomea pale." Akacheka. "Ila uwe na subira. Baada ya safari ya kwanza halichomeki, linapata joto tu. Baada ya ya nne, hujamaliza kumenya la pili, la kwanza limeshaungua."

Nikacheka naye. Halafu nikalitazama daftari, nikamtazama yeye, nikalitazama hindi.

"Baba Bupe, hebu rudia. Ya kwanza halichomeki?"

"Halichomeki."

"Ya nne linaungua?"

"Wewe mwanamke, ni hindi. Kula."

Nikala, lakini sikumbuki lilikuwa na ladha gani. Kama breki ingeanza kila safari na nyuzi 25, hindi lingeiva vilevile safari ya kwanza na ya nne. Haianzi na 25. Inaanza pale ilipoishia. Na maswali yote niliyowahi kuyafanya, katika madaftari yote tangu nianze shule hii ya watu wazima, yalianza na 25. Hakuna swali linalokumbuka swali lililopita. Swali jipya, maisha mapya, ndivyo Mwalimu Mwaijande anavyopenda kusema.

"Na kuanzia Jumatatu tutachoka kweli," aliendelea Ambakisye huku akivua viatu. "Wamebadilisha ratiba. Kizimba hakisubiri tena dakika arobaini. Kinashuka kila baada ya dakika kumi."

"Nani kasema inawezekana?"

"Mtambo. Umepiga hesabu, ukasema salama."

"Wewe uko kizimba cha ngapi?"

"Cha tatu," alisema, na akaenda kuoga.

2

Kwenye jalada la kila daftari mjini kwetu kumepigwa chapa maneno yaleyale: Mtambo usifikiri jambo ambalo mwanafunzi hajaliandika na mwalimu hajaliwekea vema. Ni sheria ya mababu. Waliishi mwaka ule mbaya, mitambo ilipoamua nani apate maji na nani asipate, na ulipouliza kwa nini, hakuna aliyeweza kukueleza, hata walioiunda. Wakaapa isirudie. Tangu hapo mtambo unaoendesha shimo haujui kitu ila majibu ya mtihani yaliyopata vema. Kila mwaka ni hivyo: mtihani Jumamosi, matokeo Jumapili, jioni yake mtambo unameza majibu, Jumatatu unafanya kazi kwa akili zetu.

Tulikuwa tunajivunia sana. Mtambo wetu unafikiri kama mwanafunzi mwenye bidii. Hakuna aliyewaza kwamba utakuwa na uvivu wa mwanafunzi vilevile: utatumia namba ulizopewa kwenye swali, na usizopewa utazipuuza. Kipimajoto kipo pale shimoni, kikubwa kama sinia, kimefungwa ukutani kando ya breki. Kila mtu anakiona isipokuwa mtambo, maana hakuna swali lililowahi kumwambia mwanafunzi akakisome.

Kesho yake nikampelekea Mwalimu Mwaijande kurasa tatu. Nilimkuta ofisini anachonga penseli.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Mama Bupe. Umefanya la saba?"

"Nimelifanya mara tatu mfululizo, Mwalimu. Kama safari tatu." Nikamwonyesha. Safari ya kwanza inaanza na 25, inafika 158. Dakika kumi za kupumzika hazitoshi, inapoa kidogo tu hadi kama 140. Ya pili inafika 273. Inapoa hadi kama 240. Ya tatu inafika 373. Breki inaachia kwenye 350.

Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Aliporudia mara ya pili nikajua kwamba hakuna kosa.

"Hii nikiisahihisha," alisema hatimaye, "naiwekea mkasi."

"Mwalimu! Kuna kosa gani?"

"Hakuna kosa. Mwongozo wa kusahihisha unasema 158. Kisichokuwemo kwenye mwongozo ni mkasi."

"Basi weka vema mara moja tu. Watu kumi na wawili, Mwalimu."

Akavua miwani. "Mara moja tu. Unajua wangapi wamewahi kuniambia hivyo? Leo naweka vema nje ya mwongozo kwa sababu wewe ni mkweli. Kesho anakuja mwongo, naye analia kukuzidi. Mababu waliifunga mikono ya walimu makusudi, mama. Mtambo ukishaanza kumeza mambo kwa huruma ya mtu mmoja, tumerudi kulekule."

"Basi nitakwenda shimoni niwaambie watu mwenyewe."

"Asiye na vema akisema neno juu ya shimo, huo ni uzushi. Unanyang'anywa nyumba, na hakuna atakayekusikiliza. Wewe mwenyewe ungemsikiliza nani, mtambo au dobi aliyefeli mara mbili?"

Aliniumiza, na alijua. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliposema tena, macho yakiwa kwenye penseli, kama mtu anayejisomea tu. "Kifungu cha tisa. Darasa zima likikosa swali moja kwa namna moja, swali linarudi kikaoni, na shimo linafungwa mpaka lijibiwe upya."

"Darasa zima?"

"Wote kumi na wanne. Vema moja tu ikipatikana, kifungu hakifanyi kazi."

3

Tulikutana uani kwa dobi, kati ya kamba za magwanda yaliyoanikwa. Watahiniwa kumi na wanne: wakwanguaji, wapishi, mafundi bomba wawili, mzee mmoja aliyestaafu. Niliwaonyesha kurasa zangu, na nikashangaa walivyonielewa haraka. Wengi wao walikuwa wamechoma mahindi pale.

Aliyekuwa wa kwanza kusema ni Tumpe. Msichana wa miaka ishirini na miwili, mkwanguaji, mdomo wake haujui kufunga. "Tuandike sote sentensi moja: Joto la mwanzo halijulikani, lipimwe. Basi. Shimo linafungwa, kikao kinakaa, mtambo unafundishwa kusoma kipimajoto."

"Swali la saba ni la lazima," fundi bomba mmoja akakumbusha. "Ukilikosa umefeli mtihani wote."

"Si tutarudia mwakani? Mimi nimeshafeli ndoa, nitaogopa kufeli swali?" Watu wakacheka. Kisha Tumpe akanigeukia, na sauti yake ikapungua. "Ila dada Suba hana mwakani. Dada, wewe ndiye unayepoteza. Ukisema hapana, hakuna atakayekulaumu."

Nieleze nilikuwa napoteza nini, maana sitaki huruma, nataka nieleweke. Binti yangu Bupe ana miaka sita, na tangu azaliwe analala ameketi. Moshi wa chini huku, ule unaonuka mayai viza, umemkaa kifuani. Anayefaulu anakuwa karani wa mtambo, na karani anapewa nyumba juu mlimani, kwenye hewa. Daktari aliniambia bila kuzunguka: mpandishe mlimani kabla hajafika miaka minane. Mtihani wa tatu ulikuwa kifua cha mwanangu.

Kumi na watatu walinitazama. Nikasema, "Tuandike."

Tumpe akanikumbatia mpaka mgongo ukalia. Nikaona aibu, kwa sababu hata wakati ule, mikono yake ikiwa shingoni mwangu, nilikuwa nahesabu. Watu kumi na watatu. Akitetereka mmoja tu, kumi na watatu tuliobaki tumefeli bure, na kizimba kinashuka vilevile. Je, namjua yule mpishi? Namjua yule mzee?

Usiku ule nilimwambia Ambakisye aombe kuhamia kizimba cha kwanza. Nilimdanganya kwamba nataka awahi kurudi amshike Bupe. Kesho yake alirudi akifurahi. "Nimepata. Kuna binti kanipisha, wala hakuuliza mara mbili. Tumpe, yule wa shule yenu. Ati Jumatatu kizimba chochote kwake ni sawa."

Bila shaka kwake kilikuwa sawa. Aliamini kwamba Jumatatu hakutakuwa na safari.

4

Jumamosi asubuhi tuliketi madawati kumi na manne. Mwalimu Mwaijande akagawa karatasi, akarudi mbele, akatazama dirishani muda wote.

Nilifanya la kwanza hadi la sita nikiwa na mkono mtulivu. Nilipofika la saba nikainua macho. Mbele yangu Tumpe alikuwa ameshamaliza. Aliandika sentensi yake fupi, akaweka kalamu chini, akakunja mikono. Kushoto, yule mpishi alikuwa bado anaandika. Anaandika, anafuta, anaandika. Sentensi ya maneno matano inaandikwa vipi muda mrefu hivyo? Nikaona kalamu yake ikipiga mstari. Kisha mstari wa pili.

Mistari miwili huwekwa chini ya jibu la namba. Nikasema moyoni, ametusaliti. Imeshakwisha. Kama imeshakwisha, kwa nini Bupe naye apotee?

Nikaandika: Joto la mwanzo, nyuzi 25. Nikaandika 133. Nikaandika 158, salama. Nikapiga mistari miwili. Haikuchukua hata dakika mbili, na sitasema kwamba mkono ulitetemeka, kwa sababu haukutetemeka.

Jumapili saa tisa matokeo yakabandikwa, namba tu bila majina, maana jina la mwenye vema linatajwa shimoni. Swali la saba: mikasi kumi na mitatu. Vema moja.

Yule mpishi alisimama kando yangu akilia. "Mimi niliipigia mistari miwili sentensi yangu," alisema. "Nilitaka ionekane vizuri. Nani ametufanyia hivi?"

Mungu wangu. Alikuwa ameipigia mistari sentensi.

Tumpe akanishika mkono. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani. "Dada Suba, unadhani nani?"

"Sijui," nikamwambia.

"Nimekwenda kwa nyapara anirudishe kizimba cha kwanza. Orodha imeshafungwa." Akajaribu kutabasamu. "Nisipokwenda, mama yangu anatolewa nyumbani. Labda tumekosea hesabu, eh? Sisi si tumefeli?"

Nilikuwa na usiku mzima wa kwenda kwake kusema ukweli. Sikwenda. Nilimkanda Bupe kifua kwa maji ya moto, nikamsikiliza akipumua.

5

Kuna desturi. Mwenye vema husimama mdomoni mwa shimo Jumatatu ya kwanza na kuwasomea wanaoshuka jibu lake, ili wajue wanabebwa na kichwa cha nani. Saa moja asubuhi nyapara Mwakalobo, mtu mpole mwenye kitambi, akanipa karatasi yangu na kutaja jina langu kwa sauti. Watu sitini wa vizimba vitano vya kwanza walikuwa kwenye foleni, na saba kati yao walikuwa wa darasa letu.

Sikutazama nyuso. Nikasoma. Nilipofika kwenye joto la mwanzo nikasikia mtu akivuta pumzi, na nikajua ni Tumpe. Ningependa angenitukana.

Mtambo hauna sura, una kipaza sauti tu juu ya mlango. Ulirudia maneno yangu jinsi yalivyo, kwa sauti ya kike iliyotulia, kisha ukasema, "Salama. Shukeni." Ambakisye akaingia kizimba cha kwanza, akanipungia mkono kwa fahari. Mke wake ni karani. Lango likajifunga, breki ikaanza kulia, sauti ikazama. Chini kengele ikagonga: wamefika. Kipimajoto ukutani kikasimama kwenye 158, kabisa kama nilivyoandika.

Kizimba kitupu kikavutwa juu kwa mvuke. Dakika kumi. Cha pili kikashuka. Kipimajoto 273. Bati la breki likaanza kutoa harufu ya rangi inayoungua. Mtu mmoja akauliza kama kuna mwenye hindi, wenzake wakacheka.

Kikarudi. Cha tatu kikaanza kupakia. Tumpe akapita mbele yangu, kofia mkononi, na akasema taratibu, asisikie mtu mwingine, "Pole na Bupe, dada."

Hapo nikavunjika. Nikapiga kelele, "Nyapara! Naondoa jibu langu! Ni la uongo, niliandika nikijua!"

Mwakalobo akakuna kichwa. Mwenye vema ana haki ya kuondoa jibu lake, na mtambo ulinisikia bila kuhitaji msaada wake. "Jibu limeondolewa," ukasema. "Zamu imeshaanza. Natumia jibu la mwaka uliopita. Joto la mwanzo, nyuzi ishirini na tano. Joto la mwisho, nyuzi mia moja hamsini na nane. Salama."

Mwaka uliopita. Na wa kabla yake, na wa kabla yake, yote yana 25. Ningeondoa majibu ya mji mzima nisimalize.

"Umejiharibia bure, mama," Mwakalobo akasema kwa huruma kabisa. "Sasa huna vema. Sogea."

Sikusogea. Nikatembea hadi kizimbani, nikaketi juu ya kizingiti, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Lango lilikuja, likanigusa bega, likarudi. Likaja tena, likarudi. Kizingiti kina mizani, na mtambo ukanipima.

"Uzito umeongezeka kwa kilo sitini na nne," ukasema. "Nahesabu upya. Joto la mwanzo, nyuzi ishirini na tano. Joto la mwisho, nyuzi mia moja sitini na nne. Salama."

Mtu akacheka nyuma yangu ndani ya kizimba, halafu akaacha.

"Mama, ingia au toka," Mwakalobo akanisihi. Nyapara haruhusiwi kumgusa mtu aliye kwenye lango. Hiyo ni kazi ya askari, na askari wanakaa upande wa pili wa mji. Akapiga simu. Mimi nikageuza shingo nitazame kipimajoto. Mia mbili arobaini na moja. Mia mbili thelathini na nane.

Sikuwa nimepanga, naapa. Lakini nilipoona mshale ule ukirudi nyuma nikaelewa kwamba kukaa ndiyo kazi yenyewe. Kila dakika niliyoketi, breki ilikuwa inapoa. Tumpe naye alikuwa anakitazama. Akachuchumaa nyuma yangu.

"Inahitaji ngapi?" akanong'ona.

"Ile ya zamani. Dakika arobaini."

"Basi kaa, dada. Nitakuchukia baadaye."

Watu walinizomea. Walisema nimerukwa na akili, walisema nimekula rushwa, mmoja akanirushia kofia. Nilikaa. Askari walifika baada ya dakika thelathini na tisa, wawili, mmoja mwanamke mnene aliyekuwa akihema kwa kupanda ngazi. Kipimajoto kilikuwa kimefika mia moja sitini na tano. Wakanishika mikono wakaninyanyua, sikupinga. Lango likajifunga. Tumpe akanitazama mpaka uso wake ukapotea chini.

Nikahesabu kwa midomo. Breki ikalia, ikalia, ikalia. Kipimajoto kikapanda hadi 298 na kusimama. Kengele ikagonga chini.

Nilitaka kupiga magoti. Lakini kipaza sauti kikasema, "Safari ya tatu imefika. Ratiba mpya imethibitika." Na juu ya lango, kwenye ubao wa kioo, ikawaka alama ya vema, ya kijani, kubwa kuliko zote nilizowahi kuona.

Watu wakapiga makofi. Mwakalobo akanijia akitikisa kichwa. "Umeona sasa? Salama salimini. Jibu lako lilikuwa sahihi tangu mwanzo, ukalikana mwenyewe. Na sasa limethibitika kwa vitendo, mama. Hilo halirudi kikaoni tena. Litapelekwa kwenye mashimo yote."

"Kimefika salama kwa sababu kimesubiri!" nikapiga kelele. "Nyapara, kizimba kimesubiri dakika arobaini!"

"Dakika hazimo kwenye swali," alijibu, na hakuwa anatania. Akageuka kuita majina ya kizimba cha nne.

Wakaanza kuingia, wachangamfu, hofu imewatoka. Mzee mmoja akaniambia, "Utuombee, karani." Kizimba kilijaa nusu. Kipimajoto 290.

Yule askari mwanamke alikuwa bado amenishika mkono wa kulia. Mwenzake alikuwa amekwenda kuandika taarifa. Akainamisha kichwa. "Mama, pale mlangoni ulikuwa unasubiri nini?"

"Breki ipoe."

Akatazama ukutani, kwenye kile kipimajoto kikubwa kama sinia. Akakitazama muda mrefu, kama mtu anayekiona leo. "Ilipoa?"

"Ilipoa. Sasa imepanda tena, zaidi ya mwanzo."

"Inahitaji muda gani?"

"Arobaini."

Akatazama watu waliokuwa wakiingia. Wa tisa. Wa kumi. Wa kumi na moja alikuwa anavaa kofia. Nilisikia pumzi yake, nzito, ya mtu aliyepanda ngazi nyingi na hajui kama atalipwa mwisho wa mwezi.

"Nyapara," akaita, sauti kubwa ya kikazi, "huyu mama ameniponyoka." Kisha akauachia mkono wangu.

Nikaenda nikaketi kizingitini. Kwenye orodha ya siku hiyo zilikuwa zimebaki safari kumi na nane.